Fukusi wa mahindi: mwongozo kamili wa kujua makao yake na kumfungia nje ya akiba ya mwaka

Kila mwaka, joto la Oktoba linaposhika Lubumbashi, wasomaji huniandikia jambo lile lile. Mahindi yalikuwa mazuri mwezi wa Juni, yakatiwa katika magunia mapya, yakanyunyiziwa majivu kidogo juu, na sasa unga mweupe unadondoka chini ya gunia na wadudu weusi wanapanda ukutani. Karibu wote huamini kwamba wadudu hao wameingia juzi. Hawakuingia juzi: walikuwamo ndani ya punje tangu shambani, au walisubiri katika gunia la zamani, na kosa lilifanyika miezi minne kabla ya mtu yeyote kuwaona.

Mwongozo huu ni wa familia inayohifadhi gunia 1 hadi magunia 10 ya mahindi ya bukari (ugali), iwe imeyavuna yenyewe upande wa Kipushi au Kasenga, au imeyanunua sokoni. Naomba hatua zifuatwe kwa mpangilio wake. Hatua ya 3 ndiyo inayowashinda wengi, na kwa sababu hiyo nimeieleza kwa urefu kuliko nyingine zote.

## Vifaa vya kutayarisha kwanza

- Mabido ya plastiki ya lita 20 yenye vifuniko vinavyokaza. Bido moja huchukua takriban kilo 15 za mahindi yaliyopukuchuliwa, hivyo gunia la kilo 100 linahitaji mabido 7. Lililowahi kuwekwa petroli, mafuta ya gari au dawa ya shamba lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi.
- Badala ya mabido, ukiipata, mifuko ya tabaka tatu inayoitwa PICS: miwili ya nailoni nzito ndani, na mmoja wa kufumwa nje.
- Turubai safi la kuanikia.
- Nailoni nyeusi na nailoni angavu zenye ukubwa sawa, kwa ajili ya kuokoa mahindi yaliyokwisha kushambuliwa.
- Chekeche yenye matundu ya milimita 2 hadi 3, na ungo wa kupepetea.
- Chupa ya kioo yenye kifuniko, pamoja na vijiko vichache vya chumvi laini.
- Chupa 2 za plastiki angavu za lita 1 na nusu, na vipande vya kitambaa chepesi vya kufunika midomo yake.
- Mshumaa au nta, vipande vya nailoni, na uzi au mpira wa kufungia.
- Matofali na mbao za kutengenezea kichanja.
- Kitambaa cha kufunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la mahindi yaliyobunguliwa hukera mapafu.

## Mjue mdudu na mahali anapoishi

Fukusi tunayemzungumzia ni wa jenasi iitwayo Sitophilus, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mpenda nafaka. Jina hilo linamfaa, kwa kuwa nafaka kwake ni chakula, nyumba na kitanda cha kuzalia kwa wakati mmoja.

Anayetusumbua Katanga ni hasa Sitophilus zeamais, fukusi wa mahindi. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4 hivi, rangi ya kahawia iliyoiva hadi nyeusi, na mara nyingi madoa 4 ya rangi ya chungwa mgongoni. Ndugu yake, Sitophilus oryzae wa mchele, ni mdogo kidogo na anafanana naye kiasi kwamba wataalamu huwatenganisha kwa kuwapasua na kutazama viungo vya uzazi. Kwa kazi ya nyumbani tofauti hiyo haina uzito, maana wote wawili hula mahindi, mchele, mtama na ngano, na dawa yao ni moja. Wa tatu, Sitophilus granarius, hawezi kuruka, na makao yake ni maghala ya ngano na shayiri ya nchi zenye baridi. Yupo pia Sitophilus linearis, ambaye ameacha nafaka na kuishi ndani ya mbegu za ukwaju.

Alama ya kumtambua fukusi ni pua yake ndefu iliyochongoka mbele ya kichwa. Mdudu mwekundu asiye na pua anayetembea ndani ya unga siye yeye. Mdudu wa mviringo kama kipande cha kijiti, ambaye kichwa chake kimeinamia chini kisionekane kutoka juu, naye huacha vumbi jingi kupita kiasi, ni dumuzi. Huyo hutoboa hata plastiki, na ukimwona ujue kwamba mfuko wa nailoni peke yake hautatosha. Maharage yako yakitobolewa, hilo pia ni kosa la mdudu mwingine. Lakini mihogo mikavu ya kuchanganya na unga wa bukari ni makao halisi ya fukusi, na hata tambi kavu humfaa. Unga laini hawezi kuzaliana ndani yake, kwa sababu buu lake linahitaji kitu kigumu cha kulizunguka.

Sasa jambo lenyewe. Jike hutoboa punje kwa ile pua, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha huliziba kwa ute unaokauka na kufanana na ngozi ya punje. Kwa maisha yake yote ya miezi kadhaa anaweza kutaga mayai 150 na zaidi. Yai huanguliwa humo humo; buu jeupe lisilo na miguu hula nyama ya punje, huwa bundo, na siku moja fukusi mzima hutafuna mlango na kutoka. Katika joto la nyuzi 27 hivi safari hiyo yote huchukua takriban wiki 5, na katika muda huo punje huonekana nzima kwa nje.

Kwa hiyo unapomwona fukusi mmoja akitembea juu ya gunia, unamwona aliyekwisha kuhama. Walio wengi bado wamo majumbani mwao, na kupepeta, kuanika kidogo au kunyunyizia majivu juu ya gunia hakuwagusi. Nimewaona akina mama waliopepeta mahindi yao kila Jumamosi kwa miezi 2, kwa bidii ya kusifiwa, na bado wakapoteza gunia zima, kwa kuwa walikuwa wakifagia barazani wakati mwizi yumo chumbani.

### Kwa nini Juni hutudanganya

Lubumbashi ipo kwenye kimo cha takriban mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Fukusi hukua polepole sana katika baridi, na chini ya nyuzi 15 hivi hakui kabisa. Safari ya wiki 5 huweza kuvuta miezi 3 au zaidi. Ndiyo maana mahindi yaliyovunwa Mei hukaa kimya kipupwe chote, mwenye nyumba akashukuru Mungu kwamba mwaka huu hakuna wadudu.

Joto la Septemba linapoingia, wote huamka pamoja. Chukua mfano wa hesabu: majike 10 mwanzoni mwa Septemba, na kila kizazi cha wiki 5 kikizidisha idadi mara 10. Mwishoni mwa Januari, baada ya vizazi 4, utakuwa na fukusi 100,000. Gunia la kilo 100 lina punje kama 300,000. Na Januari ndiyo mwezi ambao bei ya mahindi sokoni huumiza.

Kazi yote inayofuata, basi, ifanywe wakati wa baridi, mdudu akiwa bado amelala.

## Hatua ya 1: Safisha mahali pa kuhifadhi kabla mahindi hayajafika

Fanya kazi hii mwezi wa Aprili, au angalau wiki 1 kabla ya kuleta mavuno.

Toa kila kitu nje. Fagia sakafu, pembe, nyufa za ukuta na kingo za dirisha, kisha choma taka hizo au uwape kuku, ambao huwala fukusi kwa furaha. Usizitupe nyuma ya nyumba, maana Sitophilus zeamais huruka vizuri na atarudi. Ziba nyufa kwa udongo au saruji.

Magunia ya zamani yachemshwe dakika chache, kisha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa. Usidharau gunia tupu. Dume la fukusi hutoa harufu inayowaita wenzake, majike kwa madume, na gunia lenye fukusi wachache waliojificha katika mshono ni mwaliko kwa mahindi mapya yote yatakayowekwa karibu.

Mahindi ya mwaka jana yaliyobaki yasagwe na kuliwa sasa. Yakibaki, yakae chumba kingine.

*Utajua umefaulu* ukitandika karatasi nyeupe sakafuni jioni, na asubuhi usikute mdudu hata mmoja juu yake wala kando yake.

## Hatua ya 2: Vuna kwa wakati, na utenge mahindi yaliyofunuka

Fukusi haingojei ghala. Hurukia shamba mahindi yanapoanza kukauka juu ya mabua, na kila wiki ya kuyaacha huko bila sababu ni wiki ya kutagiwa mayai. Mahindi yakikomaa, yavunwe, yakamalizie kukauka nyumbani.

Wakati wa kuvuna tazama ncha ya kila hindi. Hindi ambalo maganda yake yamefunika ncha vizuri lina kinga ya asili, na lile ambalo ncha imetokeza nje limekuwa wazi kwa fukusi, kwa ndege na kwa mvua. Tengeneza marundo mawili tangu shambani. Rundo la mahindi yaliyofunuka litakuwa la kuliwa kwanza, kabla ya Agosti, na lisichanganywe na akiba.

Hatua hii haina gharama yoyote, lakini wengi huiruka kwa haraka ya kupakia gari. Nashauri sana isirukwe. Marundo mawili hupunguza idadi ya fukusi wa mwanzo, na ile hesabu ya Januari imetuonyesha thamani ya kuanza na majike 2 badala ya 10.

Ukinunua sokoni, huwezi kujua historia ya mahindi, wala muuzaji hawezi. Chovya mkono katikati ya gunia, si juu tu: punje ziwe baridi na zipite vidoleni bila vumbi. Kisha yachukulie mahindi yako kuwa yameshatagiwa mayai, na uendelee.

## Hatua ya 3: Kausha mpaka chumvi ikubali

Hapa ndipo penye kushindwa kwingi, kwa sababu mkono na jicho vinasema mahindi ni makavu wakati bado yana maji ya kutosha kumlisha fukusi na kuotesha ukungu.

Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13. Juu ya hapo, mahindi yakifungiwa bila hewa yatavunda na kunuka uchachu. Fukusi mwenyewe hushindwa kuzaana vizuri unyevu ukishuka hadi asilimia 10 hivi, lakini kiwango hicho ni kigumu kufikiwa nyumbani. Ndiyo sababu kukausha peke yake hakumalizi kazi, na ndiyo sababu hatua ya 5 ipo.

### Namna ya kuanika

Pukuchua kwanza, kwa kuwa punje zilizo kwenye gunzi hukauka nje na kubaki na unyevu upande wa ndani. Tandaza punje juu ya turubai, unene usizidi sentimita 4, na uzigeuze kila saa. Usianike juu ya udongo mtupu, ambao huleta unyevu, mchanga na vijidudu vya ukungu.

Kipupwe cha kwetu ni rafiki mkubwa: hewa ni kavu, anga halina wingu, na siku 3 hadi 5 za jua kamili kwa kawaida hutosha. Umande wa usiku, hata hivyo, hurudisha kila kilichopatikana mchana. Kila siku, kabla jua halijashuka, kusanya mahindi, yafunike au yaingize ndani, na asubuhi usiyatandaze mpaka umande umekauka.

### Jaribio la chumvi

Kaanga vijiko 3 vya chumvi laini katika sufuria kavu ili maji yake yote yatoke, kisha iache ipoe. Chukua punje kutoka sehemu mbalimbali za rundo, nazo zikiwa zimepoa, ujaze theluthi moja ya chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia chumvi, funga, tikisa kwa nguvu dakika 1, kisha iache itulie dakika 10.

Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15, nawe una kazi bado. Chumvi ikianguka chini yote na kioo kikabaki kisafi, unyevu umeshuka chini ya 15.

Angalia neno hilo: chini ya 15, si 13. Wasomaji wengi hufurahi hapo na kuanza kufunga, na Oktoba wananiandikia kwamba mahindi yananuka. Baada ya chumvi kukubali, ongeza siku 2 nzima za jua. Kisha ng'ata punje kadhaa: kila moja ivunjike kwa mlio, isibonyee chini ya jino.

*Onyo.* Punje zenye ukungu wa kijani, wa njano au mweusi ziondolewe na kutupwa. Kuvu inayoota kwenye mahindi yenye unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na kuipika hakuiondoi. Nchini Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Usiwape kuku wala mbuzi punje hizo.

## Hatua ya 4: Chekecha, na uweke chupa ya ushahidi

Chekecha mahindi yote, ukikusanya chini ya chekeche juu ya kitambaa cheupe. Sasa subiri dakika 10 kabla ya kusema kwamba hakuna kitu. Fukusi akitikiswa hukunja miguu, hulala chali na kujifanya mfu, akawa kama kipande cha takataka. Joto la jua likimgusa, hutembea. Watu wengi hutazama mara moja na kuridhika.

Ondoa punje zilizovunjika na zilizotobolewa. Punje iliyopasuka ni mlango uliofunguliwa tayari.

Kisha fanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika mwongozo huu. Chukua punje nzuri za kujaza nusu ya kila moja ya zile chupa 2 angavu. Funika midomo kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa uzi, ili hewa ipite na mdudu asipite, na uziweke karibu na jiko la makala, mahali pa joto la kadiri ambapo moto hauzifikii. Andika tarehe.

Joto la jikoni litafanya ndani ya chupa kile ambacho Septemba ingefanya ndani ya magunia. Baada ya wiki 5 hadi 6 fukusi waliokuwa wamefichwa ndani ya punje watakuwa wametoka, nawe utawahesabu. Hakuna maneno yangu yatakayomshawishi mtu kama chupa hiyo. Baba mmoja wa Katuba aliyebishana nami kwamba mahindi yake hayana kitu alikuta fukusi 14 katika chupa yake mwezi wa Agosti, wakati magunia yake yalikuwa bado hayaonyeshi dalili yoyote. Alipata muda wa kuyahamishia yote katika mabido.

Lakini usingoje matokeo ya chupa ndipo ufunge. Funga sasa. Chupa ni ya kukuambia kama fukusi walikuwamo ndani ya punje.

## Hatua ya 5: Jaza na ufunge hewa nje

Fukusi hupumua, na punje pia hupumua. Ukizifungia mahali ambapo hewa haingii, oksijeni iliyomo huisha kidogo kidogo, na mdudu aliye ndani ya punje hufa pale pale alipo, mahali ambapo majivu wala chekeche havimfikii. Hii ni njia ya nyumbani inayomfuata hadi chumbani bila sumu yoyote.

Kwanza lijaribu bido. Funga kifuniko, lizamishe ndani ya beseni la maji, ulibane. Mapovu yakitoka, hata machache, litumie kwa kazi nyingine. Lililo zima likaushwe juani, kifuniko kikiwa wazi, siku nzima.

Mahindi yawe yamepoa. Yakifungwa yakiwa na joto la jua, usiku ukuta wa bido utatoa jasho na punje za kando zitaota ukungu.

Jaza mpaka juu kabisa, ukilipigapiga bido sakafuni ili punje zijipange, kisha uongeze tena. Nafasi tupu iliyobaki juu ni hewa ya bure kwa fukusi. Wapo wanaowasha mshumaa juu ya mahindi kabla ya kufunga wakitumaini kwamba utamaliza hewa. Mshumaa huzimika mapema, oksijeni nyingi ikiwa bado imebaki, hivyo kujaza vizuri kuna faida zaidi.

Weka kipande cha nailoni juu ya mdomo, kaza kifuniko, dondoshea nta ya mshumaa kuzunguka mshono. Andika tarehe ubavuni.

Ukitumia mfuko wa PICS, ingiza mfuko mmoja wa nailoni ndani ya mwingine, jaza, bana hewa kutoka juu, sokota shingo ya mfuko wa ndani, ikunje na kuifunga kwa nguvu. Rudia kwa wa pili, kisha kwa ule wa nje. Panya akitoboa tabaka zote, kazi imeharibika, kwa hiyo paka au mtego ni sehemu ya vifaa.

*Onyo kubwa.* Usifungue kabla ya miezi 2. Kila ukifungua kuonja, unawaletea pumzi mpya, na bundo lililo ndani ya punje huvumilia kukosa hewa kuliko fukusi mzima. Ukihitaji mahindi katika muda huo, tumia lile rundo lililotengwa katika hatua ya 2.

## Hatua ya 6: Panga, tunza, fungua moja moja

Weka mabido juu ya kichanja, mbali na jua la dirishani, na uache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta. Jua likipiga upande mmoja tu, maji ya ndani huhamia upande wa pili.

Fungua bido moja kwa wakati, ulimalize, ndipo ufungue jingine. Familia inayokula kilo 15 kwa wiki 1 au 2 haitampa fukusi muda wa kumaliza kizazi ndani ya bido lililofunguliwa, na hapo ndipo mabido madogo yanapolishinda pipa kubwa.

*Utajua umefaulu* ukifungua bido la kwanza mwezi wa Septemba, ukamimina kikombe kimoja juu ya kitambaa cheupe na ukasubiri dakika 10. Kusiwe na kinachotembea, vumbi jipya lisiwepo, punje ziwe baridi mkononi na zinuke kama siku ulipozifunga. Fukusi wakavu waliokufa wachache si dalili mbaya. Ni ushahidi kwamba walikuwamo.

## Mahindi yakiwa yameshambuliwa tayari

Usikate tamaa, na usikimbilie dawa. Chekecha kwanza, kisha tumbukiza punje kidogo katika maji: zinazoelea zimeliwa ndani. Zikielea nyingi, peleka gunia kwenye mashine ya kusaga wiki hii hii, baada ya kuchagua, maana kila siku inapunguza unga.

Zikielea chache, tumia jua. Tandika magunia makavu au nyasi chini, juu yake nailoni nyeusi, kisha mahindi yenye unene usiozidi sentimita 3, halafu funika kwa nailoni angavu na ukandamize kingo zote kwa mawe. Anza saa 4 asubuhi, malizia saa 9 alasiri, siku 2 zenye jua kali bila wingu. Joto chini ya nailoni huweza kupita nyuzi 55, na likidumu saa kadhaa huua mdudu pamoja na mabuu. Unene ukizidi, fukusi hushuka chini penye ubaridi na kusalimika. Hilo ndilo kosa la kawaida. Acha mahindi yapoe usiku yakiwa yamefunikwa, kisha rudi hatua ya 5.

## Kuhusu dawa

Majivu makavu yaliyochekechwa husaidia, kwa kuwa hukwaruza ngozi ya mdudu na kujaza nafasi kati ya punje, lakini yachanganywe na mahindi yote kwa wingi. Kiganja kimoja juu ya gunia hakifanyi kitu.

Dawa ya unga ya nafaka itumiwe tu ikiwa imeandikwa kwamba ni ya kuhifadhi chakula, kwa kipimo cha pakiti na kwa kungoja siku zilizotajwa kabla ya kula. Dawa ya bustani, au ile iliyofungwa katika karatasi isiyo na jina, isiguse mahindi ya watoto.

Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini nasema wazi: visiingie katika nyumba wanamolala watu. Gesi hiyo hupenya mlango na dari, na huua familia usingizini. Hakuna gunia la mahindi lenye thamani hiyo.

## Mahindi ya mbegu

Yapitishe katika hatua zote hizi, ila usiyaweke kamwe chini ya nailoni angavu, kwa kuwa joto lile linalomuua fukusi linaweza kuua pia kiinitete cha punje. Yachague kutoka kwenye mahindi yenye ncha zilizofunikwa vizuri, yakaushe kivulini penye upepo baada ya siku za kwanza za jua, yafunge katika chupa kavu zilizojazwa hadi mdomoni, na uzifungue Novemba, siku ya kupanda.